Nakukabidhi kwa Mwenzangu

Ukumbi wa maonyesho ya elimu ulikuwa umefurika hadi mlangoni. Wauza vitabu walikuwa wakipaza sauti, vyuo vikigawa kalamu na kofia, na wanafunzi wenye sare za kila rangi wakisukumana kugombea vya bure. Katikati ya vurumai hiyo yote palikuwa na banda moja tupu. Watu walilijia vizuri tu, wakikaribia wakasoma bango, kisha wakakata kona haraka wakaenda kwa jirani. Bango lenyewe lilisema: Huduma ya Afya ya Akili na Dharura kwa Wanafunzi na Walimu.

Nyuma ya meza alikaa dada mmoja mshauri, mwenye gauni la buluu la mikono mirefu na hereni ndogo kama punje za mtama. Tangu asubuhi alikuwa amevipanga vipeperushi vyake, akavipangua, akavipanga tena. Alishazoea. Watu hawataki kuonekana wamesimama pale, wasije wakaambiwa wana kichaa.

Ndipo akatokea kijana mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na viatu vipya vyeusi vinavyong'aa. Hakusoma bango wala nini. Alikiona kiti, akakikalia, akavua kiatu kimoja huku akifumba macho.

"Samahani dada yangu. Naomba nipumzike kidogo tu."

"Karibu. Ila nikwambie mapema, hapa hatutibu miguu."

"Kwani mnatibu nini?"

"Geuka usome."

Aligeuka, akasoma. Mshauri akamngoja ashtuke na kuinuka kama wenzake wote wa siku ile. Kijana hakuinuka. Alivua na kiatu cha pili.

"Basi nimefika panaponifaa," alisema. "Mtu aliyenunua kiatu kinachombana, anajua kinambana, kwa sababu tu kilikuwa kizuri dirishani, akili yake iko sawa huyo?"

Mshauri alicheka, na kicheko chake kikawafanya wanafunzi wawili waliokuwa wakipita wageuke. "He! Mwalimu Tone! Unaumwa?" mmoja aliuliza.

"Naumwa miguu. Njooni hapa, acheni woga. Kuna vitu vya kusoma, na huyu dada hang'ati."

Walikuja. Wakaja na wengine waliowaona wale wa kwanza. Mwalimu amekaa pale na soksi zake, tena anacheka, basi haiwezi kuwa mahali pa kutisha. Kufikia jioni meza ilikuwa nyeupe, hakuna hata kipeperushi kimoja cha kufungia maandazi.

"Kwa nini wanakuita Tone?" mshauri aliuliza wakati wakikunja bango.

"Nafundisha kemia. Kila siku nawaambia, wakiwa wanachanganya tindikali yao: tone moja moja, jamani. Ukizidisha tone moja kazi yote imeharibika, hulirudishi. Wakanipa jina. Na wewe nikuite nani?"

"Mshauri."

"Hicho ni cheo. Nitakuita Daktari."

"Mimi si daktari."

"Na mimi si tone. Nipe namba yako."

"Namba iko kwenye kipeperushi."

"Hiyo ya watu wenye matatizo. Mimi nataka ile nyingine."

Akampa ile nyingine.

Mapenzi yao hayakuwa na makeke. Yalijengwa na simu za mchana, mshauri akiwa amemaliza zamu na mwalimu akiwa kwenye chumba cha walimu na rundo la madaftari.

"Umekula, Daktari wangu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula chaki."

"Tone, kula vizuri bwana. Nitakuja kuoa mifupa?"

"Wanawake siku hizi mnaoa? Basi mahari mlete mapema."

Mwalimu alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Siku alipompeleka mpenzi wake akamwone, dada hakuuliza ukoo wala kazi. Alimzunguka mara moja akimpima kwa macho. "Wifi," alisema, "mabega haya hayataki gauni la dukani. Yanataka kushonewa." Akamshonea gauni la rangi ya zambarau, kiuno kimeingia, shingo imekatwa pana. Mwalimu alipomwona nalo alisahau alichokuwa anasema. Dada mtu akawa anawaangalia na pini mdomoni, na moyoni alishaanza kuhesabu wageni wa arusi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kabla ya yule binti.

Alikuwa mwanafunzi wa darasa la mwisho, mkimya, mwandiko mzuri. Siku moja kipindi cha maabara kilipokwisha, wenzake wote wakatoka, yeye akabaki anafuta meza. Meza ilikuwa imeshafutwa. Mwalimu Tone aliliona hilo, akaona pia kuwa amechoka na funguo ziko mkononi. "Haya mama, nafunga," alimwambia. Binti akakunja kitambaa. "Asante kwa kila kitu, mwalimu," alisema. Naye akamjibu, "Kesho usichelewe."

Kesho hakuja. Alikuwa amejitoa uhai nyumbani kwao.

Shule ilikusanywa uwanjani. Mkuu wa shule alisema maneno ya kufaa, na timu kutoka huduma ile ya mshauri ikaja ikakaa na wanafunzi darasa kwa darasa. Walimu waliambiwa waendelee na vipindi, maana mitihani iko karibu. Hakuna aliyewauliza walimu wamelalaje. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ndivyo inavyofanyika mahali pengi: mwalimu anahesabiwa kama dawati, yupo, hajavunjika, kazi iendelee.

Tone alimpigia mpenzi wake jioni hiyo. "Tumempoteza mwanafunzi," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Nimesikia, mpenzi wangu. Pole sana. Nije?"

"Usije. Nina mitihani ya kusahihisha."

"Una hakika?"

"Niko sawa, Daktari."

Alimwamini. Kazi yake yote ilikuwa kutowaamini watu wanaosema niko sawa, lakini huyu alimwamini, kwa sababu alitaka iwe kweli.

Chumba cha simu ya msaada kilikuwa na meza chache zilizotenganishwa kwa mbao zilizofunikwa kitambaa ili sauti zisigongane. Mshauri alikaa dirishani. Mkabala naye alikaa mwenzake waliyemwita Babu, si kwa umri, kwani hata miaka arobaini hakuwa amefika, bali kwa mvi zilizomwahi. Kanuni za chumba kile zilikuwa nyingi, lakini mbili zilifundishwa kabla ya nyingine zote. Ya kwanza: ukimtambua anayepiga, ndugu au rafiki au jirani, mwambie na umkabidhi kwa mwenzako papo hapo. Ya pili: lililosemwa kwenye simu halitajwi nje ya simu. Hata ukikutana na mtu huyo sokoni au msibani, humkumbushi mpaka aanzishe mwenyewe.

Ilikuwa mchana, wiki mbili hivi baada ya mazishi, simu ilipowaka.

"Umepiga simu ya msaada. Mimi ni mshauri, nakusikiliza. Hulazimiki kutaja jina."

Mtu anapumua tu.

"Chukua muda wako. Nipo."

Upande wa pili, katika darasa tupu, Mwalimu Tone alikuwa ameshaitambua sauti ile. Alikuwa amepiga ili aongee na mgeni, mtu asiyemjua na ambaye hatamwona kesho. Alipomsikia ni yeye alitaka kukata. Kidole kilifika kwenye kitufe. Kisha akaona labda ndivyo Mungu alivyotaka, kwamba lile aliloshindwa kumwambia usoni amwambie hivi hivi kwa simu. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, iliyokauka kwa kukosa usingizi, na mshauri, aliyekwisha kupokea simu za walimu wengine wa shule ile, hakuijua.

"Mimi ni mwalimu. Nina mwanafunzi... nilikuwa na mwanafunzi. Alibaki anafuta meza. Ilikuwa safi. Alikuwa anaifuta tu."

"Ndiyo. Nakusikia."

"Mimi nikamwambia nafunga mlango. Unanielewa? Nilikuwa na haraka, wala sijui haraka ya kwenda wapi."

"Pole sana, mwalimu. Tangu siku hiyo wewe mwenyewe umekuwaje?"

"Silali. Nafundisha, nacheka na watu, natia alama. Halafu nikikaa peke yangu naona afadhali na mimi nipumzike. Nipumzike moja kwa moja."

Mshauri alijua hatua inayofuata. Pale hapazungukwi. Jambo linaulizwa kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida: je, unafikiria kujiua? Alikuwa ameshawauliza watu wengi hata hakumbuki, na wengi walishusha pumzi kwa sababu mtu amewauliza. Alifungua mdomo aliulize.

"Ukizidisha tone moja," sauti ilisema, "hulirudishi."

Aliweka kalamu chini. Alimtazama Babu, akainua kidole juu, ndiyo ishara yao ya kukabidhi.

"Ndugu yangu," alisema, na sauti ilikuwa imembadilika ingawa aliishika kwa nguvu zote. "Nakufahamu. Kwa hiyo haifai niendelee mimi. Nakukabidhi kwa mwenzangu sasa hivi. Usikate simu. Tafadhali, usikate."

Babu alikuwa ameshafika. Akaichukua.

Hayo ndiyo mshauri aliyoyasema. Aliyoyasikia Tone, akiwa ameegemea ubao usiofutwa wa darasa lile, ni haya: nakufahamu, kwa hiyo haifai. Alikaribia kukata. Kilichomzuia ni sauti nzito ya Babu iliyoingia bila haraka, ikamwamkia kama wamekutana njiani, kisha ikamuuliza lile swali lenyewe, wazi, bila kumung'unya. Naye akajibu ndiyo. Waliongea muda mrefu. Walikubaliana kuwa hatalala peke yake, atahamia kwa dada yake kuanzia siku hiyo hiyo, na atamwona Babu ofisini kila wiki. Babu alipoiweka simu chini alimgeukia mwenzake, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko salama. Zaidi ya hapo hakusema, maana haikuwa ruhusa kusema.

Jumamosi walikutana kwenye mgahawa wa ghorofani walioupenda, wenye meza za mbao na upepo. Mshauri alivaa lile gauni la zambarau. Alijipaka wanja mara mbili kwa sababu wa kwanza uliloa. Tone alifika na ndevu za siku kadhaa, kola ya shati imelegea shingoni.

"Umependeza," alisema.

"Asante, mpenzi. Umekonda."

"Dada ananilisha, usijali. Nimehamia kwake kidogo."

"Ooh. Vizuri. Mko wawili, mnachangamshana."

Alingoja. Alijua kwa nini amehamia kwa dada yake, naye Tone alijua kuwa anajua. Lakini mshauri alizungumzia mvua, na filamu, na jirani yake aliyenunua jogoo asiyejua saa. Kanuni ya pili: mpaka aanzishe mwenyewe. Alikuwa tayari, mikono iko mezani, masikio wazi. Aanzishe tu.

Tone alimwangalia akichangamka. Kila neno la mzaha lilimwingia kama ameambiwa nyamaza.

"Una lolote la kuniambia?" hatimaye aliuliza.

"Mimi? Hapana." Akainama kumsogelea. "Wewe je? Una lolote la kuniambia? Lolote kabisa, Tone."

Alikuwa amefungua mlango hadi mwisho wa pale alipoamini anaruhusiwa kuufungua. Lakini Tone aliona mwanamke aliyesikia siri yake ya aibu kuliko zote, na sasa anakunywa juisi na kujifanya hajasikia.

"Sina," alisema.

Siku iliyofuata alipiga simu.

"Nafikiri tupumzike kidogo."

"Tupumzike nini?"

"Sisi."

Mshauri alikaa chini kitandani. "Nimekukosea nini, mpenzi wangu?"

"Unajua."

"Niambie basi. Niambie kwa mdomo wako, nakuomba."

"Kama hujui, hiyo nayo ni sababu."

"Tone, usinifanyie hivi. Tone?"

Alikuwa amekata. Naye mshauri, aliyezoea kukaa na vilio vya watu wengine bila kutetereka, alilia mpaka akapata kwikwi.

Juma lililofuata alikwenda kazini, akapokea simu, akasema nakusikiliza, akasikiliza kweli. Mchana mmoja ile simu yake nyingine ikalia. Alikuwa dada fundi.

"Wifi, mimi si mtu wa kuingilia. Lakini niambie, mmegombana nini na huyu?"

"Dada, hata sijui niseme nini."

"Amekaa hapa ananishonea vifungo. Namwambia nenda katembee nje, anasema anapenda vifungo. Mtu mzima na shahada yake! Chakula ananusa tu. Nilipomuuliza habari zako akaniambia, 'Dada, nilimwonyesha ndani yangu, akafunga pua.' Maneno gani hayo? Ulimfanya nini ndugu yangu?"

Mshauri alishika ukingo wa meza.

"Wifi? Upo?"

"Nipo, dada. Nakuja. Ngoja kwanza niongee na mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa msimamizi wake, mama wa makamo mwenye miwani yenye kamba. Kila mshauri pale alitakiwa akae naye mara kwa mara na kumweleza yaliyomlemea, kwa sababu anayesikiliza naye lazima apate wa kumsikiliza. Siku zote hizo mshauri alikuwa amemkwepa kwa visingizio vya zamu. Sasa aliingia akafunga mlango, akasema yote bila kutua.

"Kwa hiyo tangu siku ile hujamuuliza hali yake," msimamizi alisema.

"Kanuni inasema mpaka aanzishe mwenyewe."

"Mwanangu, kanuni ile ni ya mteja unayekutana naye kwenye foleni ya benki, ili usimwaibishe mbele za watu. Nani alikwambia ni ya mwanamume unayetaka kuzaa naye?"

Mshauri aliinamisha kichwa.

"Kumkabidhi ulifanya sawa," msimamizi aliendelea, kwa upole sasa. "Ningekufukuza kama usingemkabidhi. Ila kanuni ya pili umeing'ang'ania kupita kiasi, na wewe si mjinga. Niambie ukweli. Ulipompa Babu simu ile, ulisikia nini moyoni?"

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Nafuu," alisema, na uso ukamwiva. "Nilisikia nafuu, mama. Kwamba si mimi nitakayemuuliza."

"Haya. Hilo ndilo ukamwambie."

Duka la dada fundi lilikuwa katika msimu wa sare. Sketi na mashati ya shule yalining'inia kuanzia dari hadi kaunta, mengine hayana mikono bado, na nyuzi za kila rangi zimejaa rafu. Tone alikuwa kwenye kigoda nyuma ya cherehani, amenyoa ndevu, anashona kifungo. Dada alipomwona mgeni akashika mkoba.

"Wifi, karibu. Mimi naenda kununua uzi," alisema, akatoka mbio.

Mshauri alibaki amesimama. Alikuwa amevaa tu blauzi ya kazini na kitambaa kichwani, hajajipodoa.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Siku ile kwenye simu. Naanza mimi kwa sababu nilipaswa kuanza mapema."

Sindano ilisimama. "Ulisema haifai."

"Haifai mimi niwe mshauri wako, Tone. Mtu akikupenda hakusikii vizuri. Anasikia woga wake mwenyewe. Ndiyo maana tunakabidhi, ili ujibiwe na mtu ambaye mikono haimtetemeki. Sikukusukuma. Nilikuweka pale ambapo hutadondoka."

"Na Jumamosi? Ulinisimulia habari za jogoo."

"Nilikuwa nangoja uanzishe. Tumefundishwa kutomkumbusha mtu."

"Mimi nilikuwa nangoja wewe."

"Najua sasa."

"Tukakaa pale watu wawili wazima, kila mtu na juisi yake, tunangojana." Alikaribia kucheka, ikaishia puani.

"Kuna jingine. Hili si la kanuni, ni langu." Alivuta pumzi. "Nilipokukabidhi nilisikia nafuu. Kuna swali nilikuwa nakaribia kukuuliza. Wageni wote nawauliza. Wewe nilishindwa, nikafurahi kwamba ataliuliza Babu. Na Jumamosi nilijificha nyuma ya kanuni, kwa sababu niliogopa jibu lako. Hilo ndilo kosa langu, nisamehe."

Kabla Tone hajasema kitu, mwanamke mmoja aliingiza kichwa dirishani.

"Fundi yuko wapi? Sketi ya mwanangu tayari?"

"Ametoka, mama. Ameenda kununua uzi."

Mwanamke alizitazama rafu. "Uzi? Na hizi zote ni tambi?"

"Rudi baadaye kidogo, mama, tafadhali."

Alikwenda zake akinung'unika. Tone aliweka shati magotini.

"Niulize sasa," alisema.

Mshauri alipiga magoti sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa. Aliitafuta sauti yake ya kazini, ile tulivu, haikuja. Ilikuja nyingine, nyembamba, iliyokatika njiani.

"Mpenzi wangu. Unafikiria kujiua?"

"Siku ile, ndiyo. Juzi alfajiri pia, kidogo. Nikamwamsha dada, tukakaa. Leo hapana."

Alilia hapo hapo, kichwa kwenye magoti yake, na Tone akamwachia alie. Baada ya muda akamgusa bega.

"Mwenzako Babu alipouliza hakulia."

"Babu hakupendi."

"Ananipenda yule, anaficha tu."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi, cha watu waliotoka kuugua. Kisha Tone akasema, bila mzaha, "Usinikabidhi tena."

"Ukipiga simu ile na nikapokea mimi, nitakukabidhi tena. Siwezi kukudanganya. Utaenda kwa Babu kila wiki, na mimi sitakuuliza mnaongea nini. Lakini nje ya chumba kile sikukabidhi kwa mtu yeyote. Nitakuuliza mwenyewe, hata sauti ikinikatika."

Tone aliinyanyua sindano, akaiangalia, akaichomeka kwenye shati. "Nilikuwa nimepanga kukuposa," alisema. "Kabla ya haya yote. Dada alishachagua mpaka kitambaa. Ningependa nikuulize."

Mshauri alijipangusa macho kwa kiganja. Hapo mshauri wa ndani yake aliamka, na aliyosema yalikuwa maneno mazuri ya kitaalamu. "Si sasa, mpenzi. Mtu mwenye msiba mzito hashauriwi kuamua mambo makubwa kwa haraka. Tuliza moyo kwanza. Niulize ukipona."

"Na nisipopona kabisa?"

Alikuwa na jibu la swali hilo. Alikuwa amelitoa kwenye simu mara nyingi, na lilikuwa la kweli: kwamba watu wengi hupata nafuu, kwamba siku nzuri huongezeka, kwamba msaada unasaidia. Alimtazama mtu huyu aliyekonda, mwenye kipande cha uzi mweupe kwenye kola ya shati, akimngoja. Hakuwa ameuliza kuhusu watu wengi.

"Basi niulize leo," alisema, akavuta kigoda cha dada fundi akakaa mbele yake, karibu, ili amsikie vizuri.